Baiskeli ya milimani kisiwani Schouwen-Duiveland: jinsi ya kuiandaa kwa mchanga, upepo na chumvi

Schouwen-Duiveland ni kisiwa cha jimbo la Zeeland, kusini-magharibi mwa Uholanzi, na hakina mlima hata mmoja. Sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, nyuma ya matuta yanayozuia maji. Ila ncha yake ya magharibi, karibu na kijiji cha Burgh-Haamstede, ina vilima vya mchanga na msitu wa misonobari wa Westerschouwen, uliopandwa miaka ya 1920 ili mchanga usipeperuke. Ndani ya msitu huo kuna njia ya baiskeli za milimani iliyowekewa alama: pembetatu yenye duara mbili chini yake, kama magurudumu.

Mteremko mrefu hutauona huku. Kinachomaliza miguu ni mchanga mlaini na upepo, na kinachomaliza baiskeli ni chumvi. Baiskeli inayofaa ni ile isiyo na springi nyuma, yenye foki ya mbele inayobonyea milimita 100. Springi ya nyuma hapa ni uzito tu, na ni beringi za ziada za kuliwa na chumvi.

Hatua ya 1: Tairi na presha

Anzia hapa, kwa sababu kosa la presha haliwezi kufidiwa na nguvu za miguu. Tairi liwe pana, inchi 2.25 hadi 2.4, lenye meno mafupi yaliyokaribiana. Meno marefu yanachimba mchanga na kulizamisha gurudumu, ilhali tairi lenye uso wa karibu laini huelea juu yake.

Kwa mwendeshaji wa kilo 75 mwenye magurudumu ya inchi 29 yasiyo na tyubu, anza na vipimo hivi:

- Msituni: mbele bar 1.4, nyuma 1.5 (takriban PSI 20 na 22).
- Ufukweni: mbele bar 1.1, nyuma 1.3 (takriban PSI 16 na 19).

Ongeza au punguza bar 0.1 kwa kila kilo 10 za tofauti ya uzito. Tumia kipimo cha presha chenye namba. Kuminya kwa kidole hakutoshi, maana kati ya 1.1 na 1.4 kidole hakioni tofauti ilhali mchangani tofauti ni kubwa mno. Kama bado una tyubu, ongeza bar 0.3, la sivyo rimu itaibana tyubu kwenye mzizi wa kwanza na kuitoboa matundu mawili yanayofanana.

Weka mililita 100 za maji ya kuziba pancha katika kila tairi na uyakague kila baada ya miezi miwili. Vilima vya mchanga vimejaa vichaka vya duindoorn, vyenye miiba mirefu na migumu, na matawi yake yakifyekwa vipande hubaki njiani. Mwiba ukiingia usiuchomoe hapo hapo. Zungusha gurudumu hadi tundu liwe chini, maji yalifikie, ndipo uuvute.

Hatua ya 2: Gia

Sahani ya mbele ya meno 34 inatosha msituni. Ukipenda ufukweni, fikiria meno 38: kwa 38 mbele na 10 nyuma, miguu ikizunguka mara 90 kwa dakika, unakwenda takriban kilomita 47 kwa saa, na ukisukumwa na upepo mwendo huo unaufikia kweli. Kwanza hakikisha fremu ina nafasi. Kisha ongeza vipande viwili vya mnyororo vya nusu inchi kila kimoja, kwa sababu mnyororo uliotosha kwa meno 34 utavutika mno kwenye gia kubwa ya nyuma na unaweza kung'oa kibadilisha gia.

Hatua ya 3: Panga safari kwa upepo

Upepo uliozoeleka hutoka kusini-magharibi. Kanuni ni moja: enda ukikabiliana nao, urudi ukiwa nao mgongoni. Anayefanya kinyume hudanganyika, hufika mbali bila kuchoka, kisha anakuta kilomita zote za kurudi zinamsubiri akiwa ameloa jasho na baridi imeingia.

Hesabu yenyewe: ukienda kilomita 20 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 30 kwa saa, hewa inakupiga kwa mwendo wa 50, na ukinzani wake ni zaidi ya mara sita ya siku isiyo na upepo. Usiukimbilie mwendo, shika mpigo wa moyo. Kunja viwiko, shusha kifua, teremsha gia mbili. Waholanzi wana hata mashindano ya kuendesha baiskeli dhidi ya upepo, juu ya kizuizi cha dhoruba cha Oosterscheldekering kinachokiunganisha kisiwa hiki na upande wa kusini: kilomita 8.5 kwenye baiskeli za kawaida zisizo na gia.

Hatua ya 4: Soma maji

Aliyekulia mwambao wa Afrika Mashariki anajua tayari nusu ya somo hili. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila mzunguko huchukua saa 12 na dakika 25 hivi. Wakati wa bamvua maji hupwa mbali na kuacha uwanja mpana wa mchanga mgumu. Wakati wa maji mafu uwanja huo ni mwembamba. Huku bamvua yenyewe hufika siku mbili hivi baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu.

Chukua jedwali la maji la Rijkswaterstaat, idara ya serikali inayosimamia maji na barabara. Ingia ufukweni saa mbili na nusu hivi kabla ya maji kupwa kabisa, na uwe umetoka ndani ya saa moja na nusu baada ya kugeuka.

Nyongeza ambayo mwambao wetu hauna kwa ukali huo: upepo mkali wa kaskazini-magharibi huyasukuma maji juu kuliko jedwali linavyosema. Dhoruba ya aina hiyo, ikikutana na bamvua, ndiyo iliyovunja matuta usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, na watu 1,836 wakafa nchini Uholanzi. Upepo ukitoka upande huo, achana na ufuko, baki msituni.

Hatua ya 5: Kupita kwenye mchanga mlaini

1. Uone mapema. Njia ikibadilika kutoka kahawia yenye majani ya msonobari kuwa nyeupe, una mita kumi za kujiandaa.
2. Badilisha gia kabla ya kuingia. Ukibadilisha ndani ya mchanga, mnyororo unakuwa na mzigo, gia inakataa, nawe unasimama.
3. Kaa kwenye kiti na urudishe makalio nyuma kidogo. Ukisimama, uzito unahamia mbele na gurudumu la mbele linazama.
4. Zungusha miguu kwa wepesi na usawa. Kukanyaga kwa kishindo kunafanya gurudumu la nyuma lichimbe.
5. Legeza mikono. Usukani utayumba, uache. Elekeza baiskeli kwa nyonga na macho, ukitazama mahali mchanga unapoishia.
6. Usiguse breki ya mbele.

Kinachowaangusha wengi ni namba 5: wanabana usukani wakijaribu kuunyoosha, gurudumu linakata pembeni, wanaruka mbele. Ukikwama, shuka utembee. Usizunguke nje ya njia kukwepa mchanga, kwa maana mizizi ya nyasi za pembeni ndiyo inayokishika kilima.

Wapanda farasi na watembea kwa miguu wapo pia msituni. Ukikuta farasi, punguza mwendo na useme neno ukiwa mbali, asije akashtuka.

Hatua ya 6: Ufukweni

Tafuta ukanda mweusi usiong'aa, wenye unyevu. Mchanga unaong'aa kama kioo bado umejaa maji na utakunywa nguvu zako, na ule mweupe wa juu ni mlaini mno. Jihadhari na mifereji iliyo kati ya fungu la mchanga na ufuko: maji yakirudi huijaza kwanza, na unaweza kuzungukwa ukiwa bado umesimama pakavu.

Huko Westenschouwen kuna safu za nguzo za mbao zinazoingia baharini. Maji huchimba mashimo kwenye mizizi yake, kwa hiyo dimbwi linaloonekana la kifundo cha mguu huweza kufika magotini. Shuka, beba baiskeli. Majira ya kuchipua, sehemu zilizozungushiwa kamba zina ndege wanaotaga juu ya mchanga mtupu. Mayai yao hayaonekani kabisa, basi kaa mbali. Majira ya joto soma bango la njia ya kuingilia, kwani baiskeli huweza kukatazwa mchana.

Hatua ya 7: Kuosha, siku hiyo hiyo

Chumvi haisubiri kesho. Mwagia maji baridi ya bomba kwa shinikizo dogo, mchanga uondoke wenyewe kabla hujapitisha sponji, la sivyo unaipiga msasa rangi na miguu ya foki. Mashine ya maji ya shinikizo usiitumie: inasukuma chumvi kupita mipira ya kuziba hadi ndani ya beringi, na hapo haitoki.

Kausha mnyororo kwa kitambaa, kisha weka nta ya maji, tone moja kwa kila pingili. Mafuta mazito yanashika mchanga na kuwa kisagio. Pima mnyororo kila wiki mbili, na kwenye gia 12 ubadilishe ukifika asilimia 0.5 ya kurefuka. Ukichelewa utanunua na gia za nyuma. Breki ziwe na pedi za metali, maana zile laini mchanga unazila upesi.

Kila mwezi chomoa nguzo ya kiti, futa, paka grisi mpya (ya kaboni hupakwa ute wake maalumu), na ufanye vivyo hivyo kwenye nyuzi za pedeli. Alumini na chuma vikikutana penye chumvi hushikana hadi msumeno ndio unaobaki. Ukijenga magurudumu mapya, agiza nati za spoki za shaba nyeupe, kwani za alumini hupasuka zenyewe ndani ya rimu.

Kabla ya kuoga, jikague kupe nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani, kwa sababu wale wa msituni huweza kubeba ugonjwa wa Lyme. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja, uandike tarehe. Duara jekundu likitanuka mahali hapo katika wiki zinazofuata, mwone daktari na umwonyeshe tarehe hiyo.