Somo: Kusanifu taruma la chuma la reli ya geji ya mita moja, hatua kwa hatua

Habari za leo wadau. Wengi mmeomba somo la mataruma ya chuma, yaani vipande vinavyolazwa kukatiza njia chini ya reli, na naona sababu. Vitabu vingi vya sasa vinaanza na zege na kuishia na zege, wakati njia zetu za zamani bado zina chuma kwa urefu mkubwa. Wajerumani walijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi Kigoma mwaka 1914 kwa mataruma ya chuma, kwa kuwa mbao zilikuwa chakula cha mchwa. Kwa reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, hesabu inayotajwa mara nyingi ni mataruma milioni 1.2 na kabari za chuma milioni 4.8. Gawanya uone: kabari nne kwa kila taruma, mbili kila upande wa njia. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya taruma: kuishika reli pande zote mbili isisogee.

Jambo moja nataka mlishike tangu mwanzo. Taruma la chuma ni nadra kufa kwa kukatika chini ya uzito wa treni. Hufa kwenye matundu ya vibanio vinavyoishika reli, na hufa kwa kutu. Msanifu anayetumia wiki nzima kwenye hesabu ya uzito na dakika kumi kwenye matundu ameipanga kazi kinyume.

Hatua ya 1: Jua mzigo

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Geji (umbali kati ya nyuso za ndani za reli mbili) milimita 1000, reli ya ratili 80 kwa yadi (karibu kilo 40 kwa mita), ekseli (mhimili wenye magurudumu mawili) ya tani 15, mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu la kipenyo cha milimita 840.

Gurudumu moja linabeba tani 7.5, yaani kilonyutoni 73.6 treni ikiwa imesimama. Ikitembea, mzigo unaongezeka. Kanuni ya wahandisi wa reli wa Marekani ni rahisi: 1 + 5.21 × mwendo ÷ kipenyo cha gurudumu. Kwetu inatoa 1.37, na mzigo unafika kilonyutoni 101.

Taruma moja halibebi zote hizo. Reli inagawa mzigo kwa mataruma ya jirani. Kwa nafasi ya sentimita 65 kati ya taruma na taruma, chukua nusu: kilonyutoni 50 kwenye kila kikalio cha reli, yaani mahali reli inapokaa juu ya taruma. Nambari hii ndiyo tutakayoitumia hadi mwisho.

Hatua ya 2: Urefu na upana

Urefu ni mita 2.0. Umbali kati ya katikati ya reli mbili ni mita 1.06, ukijumlisha geji na upana wa kichwa cha reli. Sehemu inayobeba mzigo chini ya kila reli ina urefu wa 2.0 − 1.06, yaani mita 0.94.

Upana wa chini tuuweke milimita 240. Shinikizo kwenye kokoto ni 50 ÷ (0.94 × 0.24), karibu kilopaskali 222. Kokoto hazishindiliwi sawasawa kila mahali, hivyo zidisha kwa 2 upate karibu 443. Kikomo kinachotumika sana ni 450. Tumepita, lakini kwa nafasi ndogo, kwa hiyo anayetaka kupunguza upana ili kuokoa chuma asithubutu hapa.

Hatua ya 3: Umbo la mkato

Taruma la chuma ni mtumbwi uliopinduliwa: bamba la juu lililo bapa, miguu miwili inayotanuka kwenda chini, na kingo za chini zilizonenepeshwa. Ndani yake zinajaa kokoto.

Momenti (nguvu ya kulipinda taruma) chini ya reli ni 50 × 0.94 ÷ 8, karibu kilonyutoni-mita 5.9. Kwa chuma cha kawaida chenye nguvu ya megapaskali 250, nisingependa mkazo uzidi 140. Gawanya: tunahitaji moduli ya mkato (kipimo cha uwezo wa umbo kuhimili kupinda) ya sentimita za ujazo 42.

Jaribu bamba la juu la milimita 130 kwa 9, miguu yenye unene wa 7, kimo cha jumla 85, bila kunenepesha kingo. Moduli ya upande wa chini inatoka karibu 28, na hilo ni taruma la kupinda. Sasa ongeza kwenye kila mguu ukingo wa milimita 20 kwa 10. Moduli inaruka hadi karibu 52. Chuma kilichoongezeka ni kilo 6 tu na kitu, kwenye taruma la kilo 43. Mkazo unashuka hadi megapaskali 114.

Rudieni hesabu hiyo wenyewe kwa kalamu, maana inafundisha kuliko maneno yangu. Wanaotaka kulifanya taruma liwe imara hukimbilia kunenepesha bamba la juu kwa sababu ndilo linaloonekana. Lakini chini ya reli upande unaovutwa ni wa chini, na huko ndiko chuma kinakohitajika. Kingo hizo pia ndizo zinazokutana na kokoto na kulika kwanza, kwa hiyo unene wake unafanya kazi mbili.

Hatua ya 4: Mwinamo wa kikalio

Reli haisimami wima kabisa, inaegemea ndani ya njia kidogo. Sisi tumezoea 1 kwa 20. Kwa kitako cha reli chenye upana wa milimita 117, ukingo wa nje unakuwa juu kuliko wa ndani kwa karibu milimita 6. Mwinamo huo upatikane kwa kulikandamiza taruma lenyewe likiwa la moto. Usiutafute kwa kuchomelea vipande vya bamba juu yake.

Hatua ya 5: Matundu na vibanio

Hapa tukae.

Kila tundu linakusanya mkazo kwenye ukingo wake. Tundu la duara kwenye bamba pana linaupandisha hadi mara 3. La mraba lenye kona kali linazidi hapo, na ufa huanzia konani. Ongeza kwamba tundu lililotobolewa kwa pigo la mashine lina kingo zilizochanika kidogo tayari, kisha ongeza kibanio kinacholivuta bamba kwenda juu kila gurudumu linapopita.

Sasa hesabu mapito. Treni sita kwa siku, kila moja ekseli 120, ni mapito 720 kwa siku na karibu 263,000 kwa mwaka. Jaribio la maabara la mizunguko milioni 2 linaonekana kubwa, kumbe kwa njia hiyo ni chini ya miaka minane. Taruma tunalitarajia liishi miongo. Kwa hiyo hatusanifu ili lifaulu jaribio. Tunasanifu ili mkazo kwenye kona ya tundu ubaki chini kiasi kwamba ufa usianze.

Ninavyofanya mimi: kona zote ziwe na nusu kipenyo kisichopungua milimita 6. Tundu litobolewe kutoka juu na kingo za chini zisagwe. Upana wa tundu, ukipimwa kukatiza bamba la juu, usizidi milimita 25. Matundu yote manne yatobolewe kwa pigo moja la kifaa kimoja, maana ndiyo yanayoamua geji. Ukitoboa upande mmoja kisha ukageuza taruma, makosa madogo mawili yanajumlishwa na njia inatoka pana au nyembamba.

Kwenye kona za njia geji hupanuliwa kidogo. Usitengeneze taruma la pili lenye matundu tofauti kwa ajili hiyo, kwani siku moja litawekwa mahali pasipo pake. Tumia vibanio vya vipimo tofauti vinavyoisogeza reli ndani ya matundu yaleyale.

Kuhusu aina ya kibanio, kabari za kupigwa kwa nyundo hulegea, na zinamtaka fundi azipitie mara kwa mara. Bolti na bamba la kubana ni bora kidogo, ila nati nazo hulegea. Klipu ya chemchemi kama ya kampuni ya Pandrol, ikiingia kwenye bega (kipande cha chuma cha kuishikilia klipu) lililopenyezwa kutoka chini ya taruma, inashika kwa nguvu isiyopungua haraka. Kwa njia mpya ningechagua hiyo, na kati ya reli na taruma niweke pedi ya mpira au plastiki ili chuma kisisagane na chuma.

Hatua ya 6: Ncha

Ncha zikunjwe kwenda chini zaidi ya kina cha miguu, kwa sentimita 4 hadi 5, ziume kokoto. Taruma la kilo 43 halina uzito wa kuizuia njia isisogee pembeni, na nguvu za joto si za kuchezea. Reli hii ya kilo 40 ikiwa imefungwa isitanuke, kila nyuzi moja ya joto inaleta karibu kilonyutoni 12 za msukumo. Joto la reli likipanda kwa nyuzi 25 ni kilonyutoni 300, tani 30 kwa kila reli. Kinachozuia njia isijipinde ni ncha hizo na kokoto zilizojaa ndani ya taruma. Likiwa tupu ndani, ncha peke yake hazitoshi.

Hatua ya 7: Kutu

Bara kukavu, chovya kwenye lami ya moto na inatosha. Pwani, ongeza unene wa milimita 1 hadi 2 ambao hesabu yako ya nguvu haikuugusa. Kwenye vivuko vya barabara na ndani ya mahandaki yenye maji, weka zege au mbao. Chuma kilichofukiwa kwenye tope lenye chumvi hakionekani kinavyoliwa.

Hatua ya 8: Kulaza

Laza kwenye kokoto zilizosawazishwa, kisha shindilia kutoka pembe nne mpaka ndani pajae. Anza chini ya reli uende nchani. Katikati shindilia kidogo tu. Taruma likikalia katikati linapinda kinyume, na bamba la juu lenye matundu ndilo linalovutwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi wa Tabora: Mkuu, shukrani kwa somo. Tatizo letu huku ni wezi wa chuma chakavu. Je, usanifu unaweza kusaidia?

Jibu: Kwa sehemu, mkuu. Klipu inatoka kwa nyundo, kwa hiyo haizuii mwizi, lakini bega lake liko chini ya bamba na halitoki bila kuling'oa taruma kwenye kokoto. Taruma lililojaa kokoto na kushindiliwa vizuri ni kazi ya saa nyingi kuling'oa. Zaidi ya hapo, kandamiza jina la shirika na mwaka kwenye bamba la juu wakati wa kutengeneza, sehemu mbili au tatu, mbali na matundu. Likikatwa vipande na kufika kwa mnunuzi wa chakavu, alama bado inasomeka.

Mwanafunzi Arusha: Mwalimu, shikamoo. Kwa nini usitumie chuma cha nguvu zaidi, tuseme megapaskali 350, na kupunguza unene?

Jibu: Marahaba. Ungeshinda kwenye hatua ya 3 na kushindwa kwingine. Kwanza, upinzani wa chuma dhidi ya uchovu (kupasuka kwa mizigo inayojirudia) kwenye tundu lililotobolewa hauongezeki sana kwa sababu tu chuma ni kigumu zaidi. Pili, kutu inakula milimita ileile kwenye chuma chochote cha kawaida, na bamba la 6 likipoteza 2 limepoteza theluthi, wakati la 9 bado lina 7. Fanya zoezi hili: punguza bamba la juu liwe 7, kata tundu la 25, tafuta mkazo wa juu kabla na baada ya kupoteza milimita 2.

Mdau Geita: Kaka, sisi tuna reli ya toroli mgodini, mzigo hauzidi tani 2 kwa ekseli. Tunaweza kuchukua chaneli ya dukani na kuchomelea vipande vya pembe kushika reli?

Jibu: Kwa mzigo huo na mwendo wa kusukuma, ndiyo. Ila usichomelee kukatiza upana wote wa bamba la juu. Chomelea kwa mistari inayofuata urefu wa taruma, na acha mwisho wa kila mstari mbali na kingo. Kikague kila kichomeleo kila mwezi. Kwa treni ya kweli usifanye hivyo kabisa, maana ufa wa uchovu unapenda sana mwanzo na mwisho wa kichomeleo.

Mama Reli, Voi: Mwalimu, kuna mataruma ya zamani yameng'olewa na tunataka kuyatumia tena kwenye njia ya pembeni ya stesheni. Tuyakague vipi bila maabara?

Jibu: Dada, anza kwa brashi ya waya. Pima unene chini ya kikalio na kwenye kingo. Lililopoteza theluthi, weka kando. Kisha paka mafuta ya taa kuzunguka matundu, subiri kidogo, futa kavu, paka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yatajitokeza kama mstari mweusi kwenye chaki. Lenye ufa kwenye kona ya tundu lisirudi njiani hata kama linaonekana zima. Mwisho pima umbali kati ya matundu ya kulia na kushoto, kwa sababu yaliyowahi kukanyagwa na behewa lililoacha njia huwa yamepinda bila kuonyesha.

Fundi wa Tabora: Nyongeza, mkuu. Naweza kuchanganya mataruma ya chuma na ya zege, moja la chuma na moja la zege, ninapobadilisha yaliyooza?

Jibu: Usichanganye na zege. Zege ni zito na halibonyei sana, chuma ni chepesi na kinakaa kwa kina kingine, hivyo reli itapanda na kushuka kila hatua na klipu zitaumia. Kuchanganya na mbao inawezekana. Australia wamefanya hivyo kwenye njia nyingi, wakiweka la chuma kati ya ya mbao kwa mpangilio maalumu. Kwako, badilisha kipande kizima, na kwenye mpaka na zege ongeza kokoto na ushindilie mara ya pili baada ya treni za wiki ya kwanza kupita.