Anza daftari la saa zako sasa

Wewe uliye mwaka wa kwanza au wa pili chuoni Marekani na unautamani udaktari, fungua daftari leo. Fomu ya AMCAS, inayotumiwa na vyuo vingi vya udaktari kule, ina nafasi 15 za shughuli ulizofanya, na kila moja inataka tarehe, jumla ya saa na mtu wa kuthibitisha. Miaka 3 baadaye nani atakumbuka?

Maelezo ya kila shughuli hayazidi herufi 700, nafasi tupu zikihesabiwa, kwa hiyo “nilijifunza mengi” ni kupoteza herufi. Andika usiku uleule: “Jumanne, nimejitolea wodini kwa saa 3. Mzee kakataa kula mpaka nilipomsomea gazeti.” (Jina lake usiandike, siri ya mgonjwa ni siri.) Vitu vidogo kama hivyo utavihitaji sana, maana shughuli 3 unaruhusiwa kuziongezea herufi 1,325.

Wa meno na famasia wana fomu zao, AADSAS na PharmCAS, ila daftari ni lilelile. Na barua pepe ya msimamizi ichukue kabla hajahama kazi.