Jinsi ya kutenganisha plateleti na seli tangulizi kabla ya kuzikutanisha

Mshipa wa damu ukichubuka ndani, plateleti, chembe ndogo za damu zinazosaidia kuigandisha, hufika kwanza. Hushika kolajeni, protini ya ukuta wa mshipa iliyoachwa wazi, huchomoza P-selektini (protini ya kunasia seli) kwenye utando wao na kumwaga SDF-1, kemikali inayoziita seli tangulizi zenye alama ya CD34. Seli hizo zinaweza kuwa ukuta mpya wa ndani wa mshipa. Zikikaa juu ya plateleti, nyingine hugeuka seli za povu, zile zilizojaa mafuta ambazo huziba ateri. Kinachofaa kupimwa basi ni kile kinachotokea baada ya kukutana, na sampuli chafu itakudanganya hapo hapo.

Ukishapata kibali cha kamati ya maadili na idhini ya mchangiaji, mpime malaria na selimundu. Kisumu na magharibi yote ya Kenya ni lazima, kwa kuwa malaria hushusha plateleti hata kwa mtu anayetembea vizuri. Hesabu ya kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Muulize pia kuhusu dawa za maumivu za dukani: aspirini hulemaza plateleti kwa uhai wake wote, siku 7 hadi 10.

Tumia sindano ya geji 21, usikaze sana mkanda wa mkono, na mililita 3 za kwanza usizitumie. Changanya sehemu 9 za damu na sehemu 1 ya sitrati ya sodiamu ya 3.2%, inayozuia damu kuganda. Pindua tyubu taratibu mara nne au tano, usiitikise.

Damu ikae kati ya nyuzi 20 na 24. Joto la mchana Kisumu huwashawishi wengi kutumia jokofu, na hilo ndilo kosa kubwa, kwani baridi hubadilisha umbo la plateleti na kuziamsha. Sanduku la kubebea chanjo lisilo na barafu linatosha. Usitume damu ya Nakuru kwa matatu hadi Kisumu: itatikisika njia nzima na kukumalizia muda, maana plateleti zinafaa kutumika ndani ya saa 4.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa 200 g (mara 200 ya mvutano wa dunia), dakika 15, breki ikiwa imezimwa. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 16 inahitaji takriban mizunguko 1,060 kwa dakika; ukinakili mizunguko ya mashine nyingine utakosea. Chukua theluthi mbili za juu za plazma, zenye plateleti, kwa pipeti ya plastiki, kwa sababu kioo huamsha plateleti.

Seli tangulizi ni adimu sana katika damu ya mtu mzima, hivyo damu ya kitovu ni bora. Ichanganye nusu kwa nusu na PBS (maji ya chumvi) yenye EDTA ya kuzuia kuganda, imimine polepole juu ya Ficoll, kimiminika kizito chenye msongamano wa 1.077, uzungushe kwa 400 g kwa dakika 30, bila breki pia. Chukua pete nyeupe, tabaka lenye seli nyeupe na seli tangulizi, kisha ioshe kwa 200 g, dakika 10, mara tatu. Kwa mwendo huo seli hutua na plateleti nyingi hubaki zikielea, zimwage.

Usiruke kuosha. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba vipande vya plateleti hushikamana na seli nyeupe za kawaida na kuzivisha CD31 na vWF, alama za seli za ukuta wa mshipa. Ukizipaka rangi baada ya wiki moja utadhani umekuza ukuta wa mshipa. Makoloni ya kweli huchukua wiki mbili hadi tatu, seli zake hupangana kama mawe ya sakafu, na hazina CD45, alama ya seli nyeupe.

Kwa kipimo chenyewe, tenga seli za CD34 kwa shanga za sumaku. Acha plateleti dakika 30 kwenye visima vilivyopakwa kolajeni, kisha suuza kabisa: plazma iliyobaki ikikutana na kalsiamu ya kiowevu cha kukuzia itaganda. Ongeza seli, subiri dakika 30, suuza tena, uhesabu zilizoshika.

Weka visima vya kolajeni bila plateleti, na vingine vyenye kingamwili ya kuzuia P-selektini. Ikiwa kingamwili haipunguzi hesabu, angalia kwanza umri wa plateleti, kisha ufikirie integrini, protini nyingine za kushikia. Visima utakavyoendelea kuvikuza, vipake Oil Red O, rangi inayoshika mafuta. Seli zitakazoshika nyekundu zimekuwa za povu.