Kupima matumizi ya rasilimali na kasi ya juu ya saa katika usanifu wa FPGA

Maswali mawili humkabili kila anayesanifu sakiti ya FPGA, yaani chipu ambayo mtumiaji hujipangia mwenyewe sakiti zake za ndani: je, usanifu wake utaenea ndani ya chipu, na je, saa yake inaweza kupiga kwa kasi gani kabla sakiti haijaanza kutoa majibu yasiyo sahihi? Majibu yote mawili hupatikana katika ripoti za programu, mradi masharti yawekwe sawasawa tangu mwanzo. Hapa tutatumia Vivado, ambayo ni programu ya kusanifia FPGA, na bodi ya Basys 3, ambayo chipu yake, Artix-7 XC7A35T, ina LUT (majedwali madogo yanayotekeleza mantiki) 20,800, flip-flopu (seli za kuhifadhi biti moja moja) 41,600, vitengo 90 vya DSP (vya kuzidisha na kujumlisha) na bloku 50 za RAM (kumbukumbu) zenye kilobiti 36 kila moja.

Kabla ya jambo lolote, itambulishe saa katika faili ya masharti yenye kiambishi .xdc. Saa ya bodi hii ni ya megahezi 100, yaani kipindi cha nanosekunde 10:

create_clock -period 10.000 [get_ports clk]

Mstari huu ukikosekana, ripoti ya muda itaonyesha NA mahali pa tarakimu, na programu haitakuwa na lengo lolote la kasi wakati wa kupanga sakiti.

Endesha usanisi, yaani kugeuza msimbo kuwa mtandao wa vipengele vya chipu, kisha hatua ya utekelezaji ambamo vipengele hupangwa mahali pake na kuunganishwa kwa nyaya za ndani ya chipu. Takwimu za usanisi peke yake ni makadirio tu, hasa za muda, kwa sababu urefu halisi wa nyaya bado haujajulikana. Utekelezaji ukimalizika, andika:

open_run impl_1
report_utilization -hierarchical
report_timing_summary

Ripoti ya kwanza huonyesha kila moduli imetumia nini, nayo inastahili kusomwa kwa jicho la mashaka. Moduli yenye LUT 0 mara nyingi ni moduli ambayo matokeo yake hayafiki kwenye pini yoyote, kwa hiyo programu imeifuta. Vilevile, kumbukumbu uliyotarajia ikae katika bloku za RAM inaweza kuonekana imemeza mamia ya LUT. Chunguza kama usomaji wake unafuata mapigo ya saa, kwani bloku hizo hazisomeki kwa namna nyingine.

Katika ripoti ya pili, tafuta WNS (Worst Negative Slack), ambayo ni akiba ya muda katika njia iliyobanwa kuliko zote. Kasi ya juu hupatikana kwa kutoa akiba hiyo katika kipindi cha saa, kisha kugawa 1,000 kwa tofauti hiyo ili kupata megahezi. Kipindi kikiwa 10 na WNS ikiwa 2.4, njia ndefu inahitaji nanosekunde 7.6, sawa na megahezi 131.6 hivi.

Hata hivyo, tarakimu hiyo haipaswi kuchukuliwa kuwa kikomo, na hapa ndipo wengi hupotoka. Programu hujitahidi kutimiza sharti ililopewa, na ikishalitimiza haina sababu ya kuendelea kutafuta mpangilio bora zaidi. Punguza kipindi hadi 5, kisha endesha upya. Tuseme WNS sasa ni −0.8: kutoa namba hasi ni kuongeza, hivyo kipindi kinachohitajika ni 5.8, nayo kasi ni megahezi 172.4 hivi. Endelea kubana hadi WNS ikaribie sifuri kutoka upande wa hasi, wala usiruke hadi kipindi kisichowezekana kabisa, kwani matokeo huweza kuharibika.

Ukitaka kasi zaidi, amri ya report_timing hukutajia njia iliyokwamisha na kutenganisha ucheleweshaji wa mantiki na ule wa nyaya. Mantiki ikizidi, igawe njia kwa rejista (flip-flopu) katikati. Nyaya zikizidi, tazama ishara zinazosambazwa kwenda sehemu nyingi mno.

Quartus, programu ya kusanifia chipu za Altera, hurahisisha hesabu, kwa kuwa kifaa chake cha Timing Analyzer huandika Fmax (kasi ya juu) ya kila saa moja kwa moja. Humo chagua modeli ya polepole, inayochukulia chipu iko katika hali yake mbaya zaidi ya kasi, si ya haraka. Kwa wanaotumia zana huria, nextpnr, programu inayopanga vipengele na kuviunganisha, huchapisha idadi ya vipengele inapofanya kazi na kasi ya juu mwishoni, na sharti huwekwa kwa --freq.

Unapoandika matokeo, taja pia daraja la kasi la chipu, ambalo kwa Basys 3 ni -1, pamoja na toleo la programu, kwa sababu msimbo uleule hutoa kasi tofauti vitu hivyo vikibadilika.