Namna ya Kumwigiza Shujaa wa Vita Aliyeugua Akili

Ukiwa msimulizi wa mchezo wa kuigiza kwa dadu (mmoja husimulia, wengine huigiza wahusika, na dadu huamua matokeo), kama tunaoucheza jioni hapa Kirumba, Mwanza, usimwite kichaa mhusika ambaye ni mpiganaji kutoka jamii ya majitu ya vita kwa sababu tu dadu imeangukia moja. Chagua ugonjwa wenye dalili zinazojulikana. Mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ulioingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, humfaa zaidi: jinamizi, kushtuka ovyo, kukwepa kila kinachokumbusha tukio, dalili ambazo ni lazima zidumu zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuitwa ugonjwa huo.

Kisha amua jamii yake inauelezaje. Majitu yanayosifu hasira vitani huenda yasiitambue hasira hiyohiyo nyumbani kuwa dalili. Watamwita mwoga au aliyerogwa, maneno ambayo hata huku mialoni hayajaisha.

Usimpunguzie alama tu, bali badilisha anachokisikia: mtumbwi ugonge mwamba, naye asikie ngao zikivunjika. Kupona kusitokane na dawa moja ya kichawi (kosa nililolifanya mimi), na kabla ya kuanza, waulize wachezaji faraghani kama yupo asiyetaka mada hii.