Sketi ya nusu duara: mtindo wa miaka ya 1950 kwa kuvaa kila siku

Sketi pana iliyobana kiunoni inajulikana kwa kula kitambaa, na hilo si kusingiziwa. Mbunifu wa mavazi Mfaransa, Christian Dior, alipoonyesha zake Paris, Februari 1947, Uingereza nguo zilikuwa bado zinanunuliwa kwa kuponi za mgawo, na wapo waliokasirika kuona yadi zote zile zikiishia kwenye sketi moja. Zile za duara zima waachie wa sherehe. Ukipanda nalo bodaboda, mkono mmoja wote ni wa kushika nguo. Kwa kazini na sokoni kata nusu duara: inachanua ukitembea, inatulia ukikaa, na mita 2 za kitenge zinatosha. Pisi ya yadi 6 inatoa sketi mbili, na cha blauzi kinabaki.

Kitambaa. Chagua kitenge cha pamba chenye nukta au maua madogo. Ndege wakubwa watasimama vizuri mbele, lakini nyuma kwenye mshono watalala ubavu. Kiloweke, kianike, kipige pasi kabla ya kukata, kwa sababu pamba hurudi.

Utahitaji pia zipu ya sentimita 20, kifungo, na kipande cha gamstifu, kile kitambaa chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi.

Hatua ya 1: vipimo. Pima kiuno ukiwa umekaa. Ukipima umesimama huku umevuta tumbo, sketi itakubana ifikapo saa nane mchana. Tuseme umepata sentimita 76 na unataka urefu wa 65. Kwenye kiuno ongeza 4 za mshono wa nyuma, iwe 80, kisha gawanya kwa 3.14: unapata 25.5. Huo ndio umbali kutoka kwenye kona ya kitambaa kilichokunjwa hadi mstari wa kushonea kiuno.

Hatua ya 2: kuchora na kukata. Kunja kitambaa mara moja ili mita 2 ziwe mita 1. Mkunjo ndio katikati ya mbele, na kingo za kiwandani zitakuwa mshono wa nyuma. Bana ncha ya futi kamba kwa pini pale mkunjo unapokutana na ukingo wa kiwandani. Zungusha chaki kwenye sentimita 24 (ile 25.5 ukitoa 1.5 ya mshono), halafu kwenye 92.5, yaani 25.5, urefu 65 na pindo 2. Kata tabaka zote mbili pamoja. Maandishi ya kiwanda yaliyo ukingoni yatafichwa na mshono.

Kwa kitenge cha inchi 44, utabaki na ukanda wa karibu sentimita 19. Humo kata mkanda wa kiuno, upana 11 na urefu 82. Mifuko itatoka kwenye pembe.

Hatua ya 3: zuia kiuno kisivutike. Mafundi wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayoamua kama sketi itakaa. Kitambaa kilichokatwa kwa mviringo kina sehemu za mshazari, na mshazari unavutika hata kwa kushikwashikwa tu. Kabla hujakinyanyua kwa kujaribu, piga mstari mmoja wa cherehani kuzunguka kiuno, sentimita 1 kutoka ukingoni.

Hatua ya 4: mifuko. Nusu duara haina mshono wa ubavuni, kwa hiyo bandika mifuko juu, mmoja kila upande wa katikati ya mbele, kama sentimita 12 chini ya kiuno. Ishone sasa, sketi ikiwa bado bapa. Pembe za juu zirudie mara mbili au tatu, maana simu ni nzito.

Hatua ya 5: nyuma na mkanda. Shona mshono wa nyuma kutoka chini, acha sentimita 20 za zipu, kisha weka zipu. Bandika gamstifu kwenye mkanda, uunganishe na kiuno, ukate vijipasuo vidogo kwenye mviringo bila kugusa mshono, halafu ugeuze mkanda ndani. Ukitoa 1.5 ya mshono kila ncha ya mkanda, zile sentimita 3 zinazozidi kiuno ndizo za kifungo.

Hatua ya 6: iache ininginie. Itundike kwenye hanga usiku mzima. Asubuhi utaona imeshuka sehemu mbili, kati ya mbele na mshono wa nyuma, kulia na kushoto. Ivae, mwombe mtu apime kwa rula kutoka sakafuni kuzunguka pote, kisha punguza paliposhuka.

Hatua ya 7: pindo. Pindo pana halilali kwenye mviringo, litajaa mikunjo. Kunja sentimita 1, kisha 1 nyingine, piga bandi kwanza (mshono wa mkono wa kushikiza kwa muda), ndipo upitishe cherehani. Maliza kwa pasi upande wa ndani, ukikandamiza bila kuvuta.