Jinsi ya kuandika historia ya klabu ndogo ya mpira nchini Poland

Anza na majina, magoli yatafuata. Klabu ya mkoani Poland yenye umri wa miaka 80 au 100 kwa kawaida imebadili jina zaidi ya mara moja. Anayetafuta kwa jina la leo pekee hupata sehemu iliyo rahisi na kukosa iliyobaki. Kabla ya kufungua gazeti lolote, chora jedwali la safu nne: mwaka, jina la klabu mwaka huo, nani aliyeilea (kiwanda, reli, mgodi, polisi, chama cha mazoezi), na mkoa ambao mji ulikuwa ndani yake. Safu hiyo ya nne wengi huiruka, kisha wanashangaa kukosa kitu kwenye hifadhi ya nyaraka.

Mfano mzuri ni Mielec. Klabu iliundwa 1939 kwenye kiwanda cha ndege cha PZL, na baadaye ikaitwa Stal. Kabla ya vita mji huo ulikuwa mkoa wa Kraków, baada ya vita ukawa mkoa wa Rzeszów, na tangu 1999 uko Podkarpackie. Kwa hiyo nyaraka za klabu moja zinaweza kuwa zimetawanyika. Jirani zake mambo yao ni magumu zaidi: mwaka 1975 mikoa iliongezwa kutoka 17 hadi 49, Dębica ikapelekwa Tarnów na Stalowa Wola ikapelekwa Tarnobrzeg. Anayefuatilia klabu ya Wisłoka ya Dębica lazima apekue pande zote mbili, Rzeszów na Tarnów. Mwaka 1999 mikoa ikapunguzwa tena, ikabaki 16.

Kuna miaka mitatu ambayo jedwali lako lazima liisimamie vizuri: 1918, 1945 na 1949.

Kabla ya 1918 nchi ilikuwa imegawanywa kati ya Urusi, Prussia na Austria. Upande wa Austria ndiko klabu nyingi za mwanzo zilikoibuka: Czarni Lwów 1903, Pogoń Lwów 1904 (Lwów ni Lviv ya leo, Ukraine), Cracovia na Wisła za Kraków 1906. Mpira ulikuwa umeanza hata kabla ya klabu hizo, ndani ya chama cha mazoezi cha Sokół, kilichoundwa Lwów 1867. Mechi ya Lwów dhidi ya Kraków ya tarehe 14 Julai 1894 ilichezwa na vijana wa Sokół. Hapa ndipo ugomvi wa mwaka wa kuzaliwa unapoanzia. Klabu hupenda kuwa kongwe, kwa hiyo huchagua tarehe ya mbali kuliko zote. Wewe andika tatu, kila moja na ushahidi wake: siku ya kwanza timu kutajwa, siku katiba yake ilipokubaliwa na serikali, na siku ilipojiunga na shirikisho. Shirikisho la mpira la Poland, PZPN, liliundwa Desemba 1919, hivyo tarehe ya tatu haiwezi kuwa kabla ya hapo.

Mwaka 1945 mipaka ilisogea magharibi. Lwów na Wilno (leo Vilnius, Lithuania) zilitoka, Wrocław, Szczecin na Opole zikaingia. Bytom ilikuwa Ujerumani hadi mwaka huo, ikiitwa Beuthen. Polonia Bytom ilianzishwa na Wapoland wa mji huo 1920, kisha 1945 ikafufuliwa huku watu wa Pogoń Lwów waliohamishwa wakiingia kwa wingi. Ikaja kuwa bingwa wa nchi 1954 na 1962. Beuthen 09 ni klabu nyingine kabisa ya mji uleule, na habari zake ziko kwenye magazeti ya Kijerumani yaliyochapwa kwa herufi za Kigothi, ambazo kompyuta huzisoma vibaya. Usiunganishe klabu mbili kwa sababu tu zilicheza mji mmoja.

Mwaka 1949 ndio wenye mitego mingi. Serikali ya kikomunisti ilizigawa klabu katika vyama vya michezo kwa sekta: Gwardia ya polisi, Kolejarz ya reli, Górnik ya migodi, Włókniarz ya viwanda vya nguo, Stal ya chuma, halafu Unia, Ogniwo, Spójnia, Budowlani. Klabu tunayoiita leo Lech Poznań ikawa Kolejarz, Cracovia ikawa Ogniwo, ŁKS ya Łódź ikawa Włókniarz. Katikati ya miaka ya 1950 nyingi zilirudia majina yao, lakini si zote, wala si siku moja. Matokeo yanayosema “Stal 2:1 Unia” bila mji hayakufai hata kidogo: Stal ilikuwepo Mielec, Rzeszów, Sanok na Stalowa Wola, zote upande mmoja wa nchi. Yaweke pembeni mpaka upate msimamo wa ligi wa wiki hiyo.

Ukishakuwa na jedwali, nenda magazetini. Przegląd Sportowy, lililoanza Kraków 1921, linafaa kwa madaraja ya juu. Ya chini yako kwenye magazeti ya mikoa: Nowiny la Rzeszów, Gazeta Krakowska, Słowo Ludu la Kielce, Gazeta Pomorska la Bydgoszcz. Mengi yamepigwa skani na kuwekwa bure kwenye maktaba za kidijitali za mikoa, na tovuti ya Federacja Bibliotek Cyfrowych hutafuta ndani ya nyingi kwa pamoja. Ongeza Polona, ya Maktaba ya Taifa, na Narodowe Archiwum Cyfrowe kwa picha. Baadhi ya faili ni za DjVu. Weka programu ya kuzifungua mapema.

Kutafuta kwa Kipolandi kunahitaji ujanja, maana majina hubadilika mwisho. Mielec huwa “w Mielcu”, “z Mielca”, na timu yake huitwa pia “mielecka”. Sandecja, klabu ya Nowy Sącz, huwa Sandecji au Sandecję. Andika shina tu na alama ya nyota: Miel*, Sandecj*. Kompyuta nayo husoma ł kama l au t, na ó kama 6, kwa hiyo jaribu pia tahajia mbovu. Ikishindikana, achana na kisanduku cha kutafutia na uende kwa tarehe. Mechi zilichezwa zaidi Jumapili, matokeo yakatoka Jumatatu au Jumanne. Ligi ya timu 14 ina raundi 26, kwa hiyo msimu mzima ni kufungua magazeti yasiyofika 60. Ni kazi ya jioni chache, na hutoa zaidi ya wiki nzima ya kubahatisha maneno. Angalia pia toleo: gazeti moja lilichapwa kwa matoleo ya maeneo tofauti, na lililopigwa skani huenda silo lenye ukurasa wa mji wako.

Kalenda na madaraja hukosewa hata na watu wazoefu. Hadi 1961 msimu ulianza masika na kuisha vuli ya mwaka uleule, basi andika “1958”, usiandike “1958/59”. Msimu wa 1962 ulikuwa mfupi, wa masika tu. Kuanzia 1962/63 ndio msimu unaovuka mwaka. Na II liga ya kabla ya 2008 ni daraja la pili, lakini tangu 2008/09 II liga ni daraja la tatu, kwa sababu daraja la pili lilipewa jina la I liga. Andika namba ya daraja kando ya jina, kila msimu.

Msimamo wowote unaounakili, ukague kwa hesabu. Magoli ya kufunga ya timu zote lazima yalingane na ya kufungwa. Timu 14 nyumbani na ugenini ni mechi 182, na enzi za pointi 2 kwa ushindi jumla ya pointi ni 364. Kati ya 1986/87 na 1989/90, ushindi wa magoli matatu au zaidi ulitoa pointi 3 na aliyefungwa alikatwa 1; jumla haibadiliki, hesabu inafanya kazi vilevile. Tangu 1995/96 ushindi ni pointi 3, hivyo zidisha mechi kwa 3 kisha toa idadi ya sare. Hesabu ikigoma, kwanza tafuta ushindi wa mezani, unaoandikwa v.o. au w.o.: timu zote mbili zikipewa kipigo cha 0:3, magoli na pointi vyote huharibika. Kisha tafuta timu iliyojitoa katikati ya msimu na kufutiwa matokeo. Kosa la uchapaji ni la mwisho kushuku, ingawa huwa lipo pia.

Kwa nyaraka, tovuti ya szukajwarchiwach.gov.pl inaonyesha majalada ya hifadhi za serikali. Kwa miaka ya kati ya vita mbili tafuta majalada ya mkuu wa wilaya, starosta, aliyesimamia vyama: humo mna katiba na majina ya viongozi. Kwa miaka ya baadaye tafuta ya kiwanda. Unapoomba nakala, taja hifadhi, namba ya mkusanyiko na namba ya jalada. Ombi la “kila kitu kuhusu klabu” halitakufikisha mbali.

Vitabu vya maadhimisho visome, ila kwa tahadhari. Ni vizuri kwa picha na vikosi, dhaifu kwa tarehe, na hupita haraka mahali klabu ilipokufa. Stal Mielec, bingwa wa 1973 na 1976, timu ya Grzegorz Lato aliyefunga magoli 7 Kombe la Dunia 1974, ilisambaratika 1997 na kuanza upya madaraja ya chini kabla ya kurudi ligi kuu 2020. Hapo tenganisha chombo cha kisheria, ambacho kwa miaka ya karibuni utakikagua kwenye rejista ya mahakama, KRS, na jadi ambayo mashabiki wanaidai. Vyote viwili viandike. Usidhani pia kwamba mechi ya nyumbani ilichezwa nyumbani: Sandecja Nowy Sącz ilipokuwa ligi kuu 2017/18 ilikaribisha wageni Nieciecza.

Ukikosa matokeo, acha kisanduku wazi na uandike gazeti na tarehe ulizokwisha kupekua, ili atakayefuata asirudie kurasa zilezile.